Nanyonyesha, nimechoka, na ibada imepungua: nifanye nini?

SWALI: Assalaamu alaykum shekhe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani, Tanga. Wa mwisho ni wa kiume, ana miezi minne. Usiku naloweka mchele, alfajiri nakaanga vitumbua vya kuuza, kisha ndiyo nyumba, nguo na watoto. Zamani nilikuwa nasoma juzuu nzima kwa siku na kuamka usiku kuswali. Sasa hata Adhuhuri naipata saa nane na nusu, tena nguo zina mkojo wa mtoto. Nawafokea wakubwa bila sababu, halafu nalia. Mama mkwe anasema imani yangu imeshuka. Je, nina dhambi? Na lipi dogo naweza kulifanya nipate utulivu?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Adhuhuri ya saa nane na nusu hapa kwetu bado imo ndani ya wakati wake. Mwanzo wa wakati ni bora, lakini huna dhambi kwa hilo.

Kuhusu mkojo, kina mama wengi wanaacha swala ziwapite kwa jambo ambalo sheria imelilegeza. Bi Ummu Qays alimpeleka kwa Mtume (s.a.w.) mwanawe mchanga ambaye hajaanza kula. Mtoto akamkojolea nguoni, Mtume akaagiza maji akanyunyizia, hakuifua. Kwa hiyo, katika madhehebu yetu ya Shafi, mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili na chakula chake ni maziwa tu, kamua umajimaji kisha nyunyizia maji mpaka yaenee pote palipoingia mkojo. Basi, uswali. Akishaanza uji, au angekuwa wa kike, hapo ni kufua. Na hata hivyo nakushauri utenge kanzu moja na mtandio wa kuswalia, vikae kwenye msumari ambao mikono ya watoto haifiki. Adhana ikilia unavaa tu, huanzi kutafuta nguo safi.

Sasa tuje kwenye uchovu. Bibi Fatima, binti ya Mtume, mikono yake ilichubuka kwa jiwe la kusagia. Akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi, hakumkuta. Usiku Mtume akawaendea yeye na mumewe Ali wakiwa wameshalala, akawaambia kuna lililo bora kwao kuliko mtumishi: mkiingia kitandani semeni Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, Allahu Akbar mara 34. Sayyidna Ali alisema hakuiacha tasbihi hiyo tangu siku hiyo, hata usiku wa vita vya Siffin. Wewe ifanye ukiwa umelala ubavu unamnyonyesha mtoto, unahesabu kwa vidole.

Wako wanaume wanaoipenda hadithi hii kwa sababu isiyo yake: mke akiomba msaada anaambiwa avute tasbihi. Wasome vizuri. Walioambiwa ni wawili, mume na mke. Na Bibi Aisha, mke wa Mtume, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake, na swala ikifika hutoka. Mume wako akirudi jioni, amshike mtoto wewe uoge na uswali Isha bila kukimbizwa. Mwonyeshe jibu hili kama maneno yako hayafiki.

Juzuu iache kwa sasa. Soma aya tatu baada ya Alfajiri, hata kwa simu huku karai linapata moto. Mtume amesema amali ipendwayo zaidi na Allah ni yenye kudumu, hata ikiwa chache. Katika swala, Qul huwallahu inatosha. Mtume alikuwa anaanza swala akitaka kuirefusha, akisikia mtoto analia anaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Naye alikuwa imamu wa msikiti mzima!

Hasira nayo ina adabu yake. Ukihisi sauti inapanda, sema Audhu billahi, na kama umesimama, kaa. Ndivyo tulivyofundishwa. Kaa hapohapo jikoni, hata kwenye kibao cha mbuzi, mpaka pumzi irudi, ndipo umwite mtoto.

Mama mkwe usibishane naye. Msomee Surat Luqman, aya ya 14, Allah anaposema mama amembeba mwanawe kwa udhaifu juu ya udhaifu. Naye amezaa, atakumbuka.

Limebaki la kulia, na hili silichukulii wepesi. Ikiwa unalia karibu kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, usingizi haupatikani hata mtoto akilala, au humwoni mtoto kama wako, huo unaweza kuwa ugonjwa wa baada ya kujifungua, na haupimi imani ya mtu. Mtume amesema Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Siku ya kliniki ya mtoto mweleze muuguzi hali yako yote, usiseme "mzima tu". Na likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kliniki: mwambie aliye karibu, nenda hospitali ya Bombo siku hiyohiyo, wakubwa uwaache kwa bibi yao.

Wallahu aalam.