Shangazi, mume wangu anataka jibwa, nami naitwa mwoga

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili, wa miaka 9 na 4. Tunaishi na mama mkwe, ambaye tangu avunjike nyonga anatembea kwa fimbo. Miezi mitatu sasa mume wangu hana wimbo mwingine ila mbwa. Anataka Rottweiler dume, tena mkubwa, "watu wakipita getini wajue nyumba hii ina mwenyewe". Watoto nao wanamtaka Golden Retriever waliyemwona kwenye video, alale nao kitandani. Mimi mbwa siwachukii, ila najua nani atakayemlisha na kufagia manyoya, maana mume wangu hutoka alfajiri na kurudi watoto wamelala. Kuna mtu anauza watoto wa mbwa wa wiki 5, na mume wangu ameshaahidi kwenda Jumamosi. Kila nikifungua mdomo naambiwa ni woga tu. Je, ni mbwa gani mkubwa atakayetufaa?*
*– Mwoga wa Nyumbani*

Marahaba, mwanangu. Hilo jina ulilojipa silipendi. Mtu anayeuliza maswali kabla ya kumfungulia mlango mnyama wa kilo 50 ana akili zake timamu, na laiti wengi wangekuwa kama wewe, mbwa wengi wasingeishia kufungwa mnyororo nyuma ya nyumba mwaka mzima.

Tuanze na Jumamosi, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Mtoto wa mbwa wa wiki 5 bado ni wa mama yake. Hatakiwi kuondoka kabla ya wiki 8, na sababu haiishii kwenye maziwa. Wakiwa pamoja, watoto wa mbwa hung'atana kutwa nzima. Mmoja akizidisha meno, mwenzake hulia kwa ukali na mchezo unakatika pale pale. Hivyo ndivyo mbwa anavyojifunza kupima nguvu za taya zake. Ukimtoa mapema, somo hilo atalimalizia kwenye mkono wa mwanao wa miaka 4. Mwuzaji anayetoa watoto wa wiki 5 ama hajui kazi yake au anajua na ana haraka ya fedha, na kote kuwili mimi singempa hata shilingi. Mkitaka kwenda, nendeni kumtazama mama. Jike anayekuja kunusa viatu vyenu kisha akarudi kulala ni habari njema. Jike anayetetemeka pembeni, au mnayeambiwa "leo hayupo", mrudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa nije kwenye barua yako. Nimeisoma mara mbili nikahesabu mbwa wawili ndani yake: mmoja wa getini, wa baba, mwingine wa kitandani, wa watoto. Yupo na wa tatu ambaye hakuna aliyemtaja, yule atakayeshinda na mama mkwe ukumbini tangu asubuhi mpaka jioni, huku wewe unahangaika na mambo mengine. Huyo wa tatu ndiye mtakayeishi naye, na ndiye ningemtafuta.

Nakuambia hivyo kwa sababu yalinikuta. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na dume mkubwa wa mchanganyiko, jina lake Bosi. Hakuwahi kumng'ata mtu. Alikuwa na tabia moja tu: akikupenda, anakuja kusimama ubavuni mwako, kisha polepole anauachia uzito wake wote kwenye mguu wako, kama mtu anayeegemea ukuta. Mimi nilikuwa nacheka na kumsukuma. Siku moja marehemu mama yangu alikuja kunitembelea, akasimama mlangoni mwa jiko na kikombe cha chai mkononi. Bosi akamwendea, akaegemea. Nilisikia kikombe kwanza, halafu yeye. Kifundo cha mkono kilivunjika, na Bosi akawa anamlamba uso, mkia unacheza, hajui kilichotokea. Mbwa yule hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, niliyeingiza uzito ule kwenye ukumbi mwembamba halafu nikamkaribisha mzee.

Kwa hiyo uzito mbele, jina la mbegu baadaye.

Rottweiler anayetajwa na baba watoto si shetani kama watu wanavyomsema. Jina lake limetoka mji wa Rottweil, Ujerumani, na kazi yake ya zamani ilikuwa kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Akilelewa vizuri huwa mtulivu ndani ya nyumba na anawapenda watu wake kupita kiasi. Lakini mnyama aliyezalishwa kuwasukuma ng'ombe kwa mwili wake ataona ajabu gani kumsukuma bibi mwenye fimbo? Dume hufika kilo 50 na zaidi. Anataka mtu mmoja mwenye muda naye kila siku, wa kumfundisha na kumtembeza, na mtu huyo kwenu hutoka alfajiri na kurudi watoto wamelala. Mbwa huyo angekuwa wako, mwanangu, nawe hukumwomba.

Golden wa watoto amekaa karibu zaidi na mahitaji yenu. Alizalishwa Uskoti kuokota ndege waliopigwa risasi na kuwaleta bila kuwaharibu, ndiyo maana mdomo wake ni laini. Dume ana kilo 30 na kitu, jike ni pungufu kidogo. Manyoya yake, hata hivyo, hayana msimu: utayakuta kwenye makochi, kwenye sare za shule, kwenye uji. Na kwa ulinzi usimtegemee, huenda akamwonyesha mwizi mlango wa jikoni ulipo.

Labrador ni binamu yake, ana nywele fupi (ambazo nazo zinadondoka, usidanganywe) na uroho usiomithilika. Uroho huo una sababu. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kuwa takriban robo ya Labrador wana kasoro kwenye jeni (chembe ya urithi) iitwayo POMC, inayohusika na kuuambia mwili kwamba umeshiba. Kwa hiyo mtoto wa miaka 4 mwenye biskuti mkononi, mkono wenyewe ukiwa usawa wa pua ya mbwa, anataka jicho la mtu mzima. Tena Labrador kijana, mpaka karibu miaka 2, ni mpira wenye meno. Huyo kwa mama mkwe hapana. Labrador wa miaka 4, sawa.

German Shepherd najua ndiye mume wako atakayemshukia ukimkatalia Rottweiler. Ana akili nyingi, na hapo ndipo penye kazi. Asipopewa shughuli hujitafutia mwenyewe, na mara nyingi shughuli yenyewe ni kuwachunga watoto wanaokimbia kwa kuwadonoa visigino. Aina hii pia inasumbuliwa sana na nyonga. Usichukue kabla ya kuuliza kama wazazi wake walipigwa picha za eksirei.

Kuhusu Great Dane nitasema machache, maana kuna mtu atawashauri kwamba "yule ni mkubwa lakini mpole". Ni kweli, mpole. Lakini dume hufika sentimita 80 begani, mkia wake unafagia vikombe mezani, na maisha yake ni mafupi, aghalabu miaka 8 hadi 10. Mwanao mdogo angemzika kabla hajamaliza utoto. Isitoshe, yeye na mbwa wengine wakubwa wenye kifua kirefu wana hatari ya tumbo kujaa hewa na kujisokota. Mbwa anahangaika, tumbo linavimba, anataka kutapika na hakitoki kitu zaidi ya mate. Hapo ni kumkimbiza kwa daktari wa wanyama saa hiyo hiyo, usiku ukiwa usiku, kwa sababu bila upasuaji hufa ndani ya saa chache. Hata huyo mtakayemchukua, mgawieni chakula mara mbili kwa siku, na asikimbizwe mara tu baada ya kula.

Basi mbwa wangu kwenu ni huyu: jike mzima, wa miaka 3 hadi 5, Labrador au Golden au mchanganyiko wao, kilo 25 hadi 30, ambaye tayari ameishi na watoto. Wako wengi wa namna hiyo kwenye vituo vya kuhifadhi mbwa na kwenye familia zinazohama. Mtoto wa mbwa ni bahati nasibu. Hujui atakuwa na ukubwa gani, sauti gani, moyo gani. Mbwa mzima unamwona alivyo, na hata kukojoa ndani ameshaacha. Watu husema samaki mkunje angali mbichi, nami siwabishii, ila kwako wewe kukunja samaki ni kuamka saa nane za usiku kwa miezi, nawe una watoto na mgonjwa.

Na geti la baba watoto? Mtafutie mweusi. Sisemi mzaha. Mtu anayenyemelea nyumba hasimami kuuliza tabia za mbwa. Anasikia mbweko mzito, anaona kivuli kikubwa, anakwenda nyumba ya pili. Mnachohitaji ni sauti. Mbwa wa kung'ata watu kwa amri ni kazi ya wataalamu, na wanaoingia getini kwenu mara nyingi zaidi ni marafiki wa mwanao wa miaka 9, wala si wezi.

Akishakuja, kuna jambo moja lisilo na mjadala. Huyo wa miaka 4 asiachwe peke yake na mbwa, hata kwa muda wa kwenda kuchukua simu chumbani. Mbwa wengi wanaowang'ata watoto ni wale wale wanaowajua. Mtazame mbwa mwenyewe: anapiga miayo na hana usingizi, anajilamba pua, anageuza uso, weupe wa jicho unatokeza pembeni, au anakakamaa ghafla kama picha. Hapo anakwambia amechoka na mtoto huyu. Mwondoe mtoto. Akinguruma mshukuru, usimpige. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, na siku nyingine huanza na meno. Kumkumbatia shingoni, kumsogelea akila, kumrukia akilala, yote marufuku. Kitanda pia, watoto wanisamehe.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina kungoja, kwa sababu ugonjwa ule ukishaonyesha dalili kwa mtu karibu hakuna anayepona. Mtu yeyote aking'atwa, na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo.

Limebaki la mume wako. Usimwambie tena "naogopa", maana neno hilo amelizoea na ana jibu lake. Mwambie hivi: baba fulani, nimekubali mbwa mkubwa aje, ila kwanza tufanye mazoezi. Nunua kamba, itundike mlangoni. Kwa siku 14 yeye atoke nayo nusu saa kabla ya kazi na nusu saa akirudi, mvua inyeshe isinyeshe, kamba tupu mkononi, azunguke mtaa. Majirani wakicheka na wacheke. Akifika siku ya 14 bila kuruka hata moja, msikilize kila atakalosema kuhusu mbwa. Akikwama siku ya tatu, hamtagombana; kamba itakuwa imeshamjibu. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini wembe wao haukuwa na kilo 50 wala haukulala ukumbini na bibi.

Na siku mtakayokwenda kumwona huyo jike, mwende wote, na mama mkwe naye, na fimbo yake. Mpe kiti akae. Baada ya muda asimame, atembee mpaka mlangoni na kurudi, fimbo ikigonga sakafu kama inavyogonga nyumbani. Wewe usimwangalie yeye, mwangalie mbwa. Akiirukia fimbo au akajificha, mwageni kwa heri. Akiinua kichwa, akamtazama mzee anavyopita, kisha akalaza kidevu tena juu ya miguu yake, muulize mwenyewe jina lake anaitwa nani.