Madogo mnaobadili injini, tuongee kidogo kabla hamjashika grainda

Madogo, nawapenda na bidii yenu naiona, ila kuna kitu mnakirudia mpaka nachoka. Mtu akipata injini ya mtumba kwa bei nzuri swali lake la kwanza ni "hii itaingia?" Itaingia mdogo wangu. Ukiwa na grainda na mashine ya kuchomelea kila injini inaingia kwenye kila gari. Swali la kuuliza ni injini ya zamani ilikuwa inafanya kazi gani nyingine humo ndani ukiacha kuzungusha matairi. Ilikuwa inasaidia breki, inasukuma stelingi, inapeleka joto kwenye dashi, inachaji betri, inavuta hewa kupitia rejeta. Ukiing'oa umeng'oa na hizo kazi zote, na hakuna anayekulipa mpaka zirudi zote. Kwa hiyo kabla ya kufungua boliti hata moja chukua karatasi uziandike. Haya sasa.

1. Nunua injini na ukoo wake. Yaani hafukati (nusu ya mbele ya gari iliyokatwa na vyote vyake) kama uwezo upo, au angalau injini, gia boksi, kontroli boksi (kompyuta ya injini), waya mzima, alteneta, stata, na kwa magari yenye imobilaiza (kinga ya wizi inayozuia injini isiwake bila ufunguo wake) chukua na ufunguo wake. Waya chomoeni kwenye plagi zake, msikate kwa grainda pale kwenye ukuta wa kati ya injini na kabini halafu mje kwangu jioni na kontroli boksi mkononi mnauliza waya wa kijani unaenda wapi. Na mkiletewa injini ya dizeli ya 1HZ iliyotoka kwenye Land Cruiser ya Japani someni volti kabla ya kufunga, nyingi za kule ni za mfumo wa volti 24. Ukiunga stata ya 24 kwenye betri moja ya volti 12 inazunguka kichovu, hita plagi (za kupasha dizeli ili iwake) hazipati moto, halafu mnaanza kufungua pampu na nozeli ambazo hazina kosa lolote.

2. Angalia kama kiwanda chenyewe kilishawahi kufunga injini hiyo kwenye bodi hiyo. Toyota Mark II GX100 imekuja na injini ya 1G, lakini bodi ileile kwa jina la JZX100 imetoka na injini ya 1JZ yenye nguvu zaidi, sasa wewe unahangaika kuchonga maunti (vishikio vya injini) za vyuma chakavu za nini? Tafuta maunti za JZX, na ukiwa hapohapo uliza na breki zake maana spidi inaongezeka.

Msidhani ninapinga mambo ya ajabu, ndiyo yaliyonifanya nipende hii kazi. Waingereza miaka ya 1950 na 1960 walichukua injini ya pikipiki ya Triumph wakaifunga kwenye fremu ya Norton iitwayo Featherbed, kitu kikaitwa Triton, na mpaka leo watu wanaitafuta, kwa sababu fremu ile ilikuwa imetulia kwenye kona na injini ile ilikuwa na nguvu na rahisi kuiongezea. Jeshi la Australia miaka ya 1980 likafungiwa Land Rover 110 zenye injini ya Isuzu 4BD1, dizeli ya lori ya lita 3.9. Ukiisikia unasema hiyo haiwezekani. Lakini waliobuni walijua injini ya lori inazunguka polepole, wakabadili ratio ya transfa (gia inayogawa nguvu kwa tairi za mbele na nyuma) ili gari ikimbie bila injini kupiga kelele. Huo ndio ufundi, hesabu kwanza halafu chuma.

Kuna pia Wamarekani waliofunga injini ya Chevrolet Corvair kwenye Volkswagen Beetle. Ile injini inazunguka upande wa kinyume, kwa hiyo asiyegeuza krauni (gia kubwa ya duara) ndani ya difu anaishia na gia moja ya mbele na nne za kurudi nyuma. Honda za zamani za familia ya B na D nazo zinazunguka kinyume na injini nyingi mnazozijua, kwa hiyo ukitaka kuunga na gia boksi ya kampuni nyingine kumbuka hilo.

3. Breki. Hapa naomba msome taratibu, maana hili nimelifanya mimi kwa mikono yangu.

Mzee mmoja alileta Hilux ya petroli, injini yake ya 22R imenoki, akataka dizeli. Tukapata injini ya dizeli ya 3L safi, kompresheni nzuri, hedi haijaguswa. Ikaingia vizuri na gia boksi yake. Tatizo alteneta ya ile 3L ilikuwa imekufa na mzee hela zimekata. Nikachukua alteneta ya petroli iliyokuwepo gereji, nikachonga breketi, taa ya chaji ikazima, tukapeana mikono. Mnaojua 3L mmeshaelewa. Nyuma ya alteneta yake kuna pampu ya vakyumu, imekaa kwenye shafti ileile, na hiyo ndiyo inayovuta hewa ya busta ya breki, kifaa kinachousaidia mguu wako kukanyaga. Injini ya petroli haihitaji hiyo pampu kwa sababu kipepeo cha throto kikiziba njia ya hewa, manifoldi (bomba la kuingiza hewa kwenye injini) inavuta yenyewe. Dizeli ya namna hii inapumua wazi bila kipepeo, kwa hiyo manifoldi yake haivuti. Mimi nikaona paipu ya busta inaning'inia, nikaona kuna tundu kwenye manifoldi, nikachomeka, nikakaza klipu. Tukajaribu pale uwanjani, pedali ngumu kidogo, nikamwambia mzee breki pedi ni mpya zitajilainisha.

Ile gari ilikuwa ya kubeba kabichi Lushoto. Mnaoijua barabara ya kushuka kutoka Soni kwenda Mombo hamhitaji maelezo, upande mmoja mlima, upande mwingine korongo, kona juu ya kona. Kijana wa mzee anashuka na mzigo, anakanyaga pedali inakataa kama jiwe, anasimama na miguu yote miwili gari inapunguza kidogo tu na mbele kuna kona. Mungu ampe maisha marefu, aliwahi kurudisha gia ya pili na akaisugua gari kwenye ukingo upande wa mlima mpaka ikasimama. Mlango wa kushoto ukaisha, kabichi zikajaa barabarani, yeye akatoka na mikwaruzo.

Nilipofika nikawasha injini, nikachomoa ile paipu, nikaweka kidole kwenye tundu la manifoldi. Hakuna kitu. Kidole hakikuvutwa hata chembe. Nilikaa pale chini kwenye nyasi muda mrefu. Kazi ya kuweka kidole haimalizi nusu dakika, ningeifanya gereji kijana wa watu asingepita kwenye lile jambo. Gari nililitengeneza kwa gharama zangu, alteneta yenye pampu, paipu ya oili ya kuilainisha na ile ya kuirudisha kwenye bloku, na mlango. Mzee alinisamehe haraka kuliko nilivyostahili.

Sasa kipimo, na kwangu hakuna gari inatoka bila hiki. Injini ikiwa imezimwa kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Usiinue mguu, washa. Pedali izame yenyewe kidogo chini ya mguu wako. Isipozama gari halitoki getini, hata mwenye gari awe na harusi.

4. Feni ya umeme ukigeuza waya inasukuma badala ya kuvuta. Weka karatasi mbele ya rejeta, ikinata uko sawa.

5. Kabla ya kuchomelea maunti shusha injini na sampu yake (bakuli la oili chini ya injini) mahali pake, kisha tingisha difu ya mbele ipande mpaka mwisho. Sampu ikigongwa na difu kwenye tuta la kwanza oili yote iko chini.

6. Wa pikipiki na nyie msijifiche. Naona mnatoa injini ya guta 200 mnaweka kwenye Boxer. Nguvu naelewa, mizigo naelewa. Lakini spoketi ya mbele na ya nyuma zisipokaa mstari mmoja cheni itakula meno na siku moja itaruka na kukaba tairi. Vuta uzi kutoka spoketi ya nyuma mpaka ya mbele kabla hujachomelea. Na CDI (kiboksi kinachotengeneza cheche) ya AC na ya DC plagi zinaweza kufanana kabisa, ya AC inakula umeme wa koili ya magneti (si stata ya kuwashia), ya DC wa betri, ukichanganya unaunguza halafu unamlaumu muuza spea.

7. Kadi ya gari ina namba ya injini na ujazo wake. Mwambieni mteja mapema aende TRA (mamlaka ya mapato) na risiti ya injini mpya ili kadi ibadilishwe, msisubiri trafiki afungue boneti Chalinze ndipo mpigiwe simu. Hiyo risiti idaini kwa muuzaji siku ileile ya kununua, kabla injini haijapanda kwenye kirikuu.