Mafuta ya karafuu, piko na hilo neno "asili"

Shoga, umeuliza kama kila kipodozi kinachouzwa soko la Darajani, Zanzibar, kwa jina la "asili" ni salama. Hata! Mafuta ya karafuu ni ya asili hasa, lakini yamejaa eugenoli, ile kemikali kali ya karafuu yenyewe. Ukiyapaka matupu yanaunguza ngozi. Mimi hutia tone moja tu kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, najaribu kwanza ndani ya mkono, nangoja siku nzima. Piko, ile "hina nyeusi" ya kuchorea mwili, ndiyo usiiguse kabisa. Hina ya majani hutoa wekundu, ule weusi ni dawa ya kutia rangi nywele, na malengelenge yake nimeyaona kwa bibi harusi (maskini, wiki ya harusi!). Sabuni ya mwani, soma viungo kwanza. Singo, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili, saga mwenyewe.