Anza wiki sita kabla ya sikukuu

Pole sana, dada. Umesema kila mwisho wa mwaka ofisini mnafunga hesabu, nyumbani wageni wanaingia, na wewe unaishia kulia bafuni usiku wa manane. Nakuelewa, nimepita humo miaka mitatu mfululizo.

Kilichoniokoa ni daftari moja. Wiki sita kabla, kaa na mwenzako mwandike kila kazi, hata zile zisizoonekana: nani atafua mashuka ya wageni, nani atakumbuka dawa za mama. Kila kazi ipewe mtu mmoja, kuanzia kuifikiria hadi kuimaliza. Akikuuliza tu "nikusaidie nini?", mzigo wa kukumbuka bado ni wako, na huo ndio unaochosha kuliko kufua kwenyewe.

Likizo omba mapema, kwa maandishi, kabla wenzako hawajaziwahi tarehe. Zawadi nunua kidogo kidogo kila mshahara, usikope.

Ila hilo la kulia usilipuuze. Kama usingizi na hamu ya kula vimepotea kwa zaidi ya wiki mbili, muone daktari au mshauri nasaha sasa, usingoje sikukuu zipite.