Mabuu wa nyuki wanaogeuka njano

SWALI: Mabuu kwenye masega yangu hugeuka njano na kufa kabla vyumba havijafunikwa. Wanakosa chakula?

JIBU: Huenda njaa na bakteria vimekutana. Utumbo wa kati wa buu umezibwa nyuma mpaka amalize kula. Bakteria Melissococcus plutonius huzaliana humo na kumnyang'anya chakula katika siku 5 au 6 ambazo buu hula na kukua kwa kasi. Aliyeshiba vizuri anaweza kupona, hivyo kagua chavua kwanza: nyuki walezi wakiikosa, tezi zao hutoa maziwa (chakula cha mabuu) kidogo. Usigawanye kundi dhaifu.

Chovya njiti ya kiberiti kwenye buu aliyekufa. Ute ukivutika kama uzi, shuku ugonjwa mkali zaidi. Usihamishe sega lolote, mwite afisa nyuki.