Lipia Bima Msimu wa Korosho, Usisubiri Kifuku

Februari ya mwaka jana mjomba wangu alishikwa na ngiri iliyonasa. Ilikuwa usiku, kijijini kwetu juu ya uwanda wa Makonde, mvua za kifuku zikinyesha na barabara ikiwa imeshageuka utelezi. Bodaboda ilimfikisha zahanati, mhudumu wa zamu akamwandikia barua ya rufaa, na gari la wagonjwa likamfikisha hospitali kabla ya alfajiri. Daktari alikuwapo, chumba cha upasuaji kilikuwapo, na taa zilikuwa zinawaka. Ninayataja haya kwa sababu waliokulia Mtwara na Lindi kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 wanakumbuka mgonjwa wa rufaa alivyosafirishwa zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam, akisubiri kivuko pale Rufiji pamoja na abiria wengine. Leo tunayo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini hapa hapa Mtwara, eneo la Mitengo. Kwa upande wa majengo tumepiga hatua, na anayebeza hatua hiyo hajawahi kuuguza mtu wa Liwale wakati wa mvua.

Tulikwama kwenye dirisha la malipo. Shangazi alifungua mfuko wa nailoni ambamo mjomba huhifadhi karatasi zake zote, akatoa kadi ya bima ya afya ya jamii. Karani aliingiza namba kwenye kompyuta, akasema kwa upole kwamba kadi iliisha muda wake Desemba. Nyuma ya kadi hiyo, ndani ya mfuko ule ule, kulikuwa na stakabadhi za korosho alizopeleka chama cha msingi cha ushirika wa wakulima mwezi Novemba. Fedha za korosho hizo ziliingia benki, zikanunua mabati, zikalipa ada ya mtoto, na bima, ambayo wakati huo ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima, ikasahaulika. Mjomba alipasuliwa bila kucheleweshwa, na Mungu ashukuriwe alipona, lakini deni lilitukaa. Tulichangishana kwa simu kwa siku nne hadi ikapatikana laki mbili na themanini.

Huenda msomaji akauliza kwa nini sikumwingiza kwenye bima yangu mimi mwalimu. Kila mwezi hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri naye huchangia asilimia 3, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hunihudumia mimi, mwenzi wangu na wategemezi wanne. Kwetu Wamakonde mjomba ni mzazi, pengine zaidi ya mzazi, ila kwa utaratibu wa mfuko yeye si mtegemezi wangu. Vilevile alikuwa na miaka 57, hivyo hakuwa amefikia umri wa miaka 60 ambao mzee asiye na uwezo husamehewa gharama.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia ndugu na majirani jambo moja: bima inunuliwe fedha ikiwa mkononi na mtu akiwa mzima. Huku kusini fedha huonekana kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza, hadi karibu na mwaka mpya. Ikifika Februari, kaya nyingi zinahesabu debe la mahindi lililobaki. Ukingoja kifuku, utangoja na homa. Mwone mwandikishaji wa kijiji wiki ile ile malipo ya kwanza yanapoingia, na hakikisha majina ya watoto wote yameandikwa kama yalivyo kwenye vyeti vyao. Soma pia tarehe ya mwisho ya kadi, uiandike mahali unapoiona kila siku. Sisi tumeiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa ghala dogo la korosho.

Jambo la pili ni ngazi za rufaa. Bima ya jamii humtaka mgonjwa aanzie zahanati au kituo cha afya, kisha apande kwa barua. Nimeona watu wakiruka moja kwa moja hadi hospitali ya mkoa kwa maumivu ya tumbo ya wiki mbili, wakatakiwa kulipa taslimu, wakarudi kijijini wakitangaza kwamba bima ni wizi. Dharura ina utaratibu wake. Ugonjwa wa kawaida uanzie chini.

Malalamiko kwamba kadi ipo lakini dawa hakuna ni ya kweli, na sitayafunika. Mwenye bima anayeelekezwa duka la dawa mara mbili mfululizo hatalipia mwaka wa tatu. Hata hivyo, tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati na vituo vya afya hupelekewa fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na kila kituo kina kamati yenye wawakilishi wa wananchi inayopaswa kushiriki kupanga matumizi. Katika kijiji chetu wengi hawakuwajua wajumbe wao. Tulipouliza kwenye mkutano wa kijiji dawa gani ziliagizwa na zipi zilifika, tulisomewa orodha kwa mara ya kwanza.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, ikilenga kila mkazi awe na bima na kuweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Naiunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa bima ya hiari hulemewa na wanaojiunga wakiwa tayari wagonjwa. Ugumu wake uko kwa watu kama mjomba, wasio na mshahara wa kukatwa wala umaskini wa kutambuliwa rasmi, ambao kipato chao huja kwa miezi mitatu na kutoweka kwa tisa.

Kwa sababu hiyo nimeandika pendekezo kwa chama chetu cha msingi: mwanachama anayetaka asaini kwa hiari yake fomu ya kukatwa mchango wa bima kwenye malipo ya mnada wa kwanza, chama kiupeleke kwa pamoja, na risiti ibandikwe ubaoni ghalani kila mtu aione. Tayari tunakatwa tozo na ushuru mbalimbali kwenye kila kilo, kwa hiyo utaratibu wa makato si mgeni kwetu. Wazee wawili wamepinga, wakihofia fedha kupotelea njiani, na hofu hiyo ina historia yake. Ndiyo maana nimesisitiza risiti. Mjomba ameomba asome yeye mwenyewe pendekezo hilo mkutanoni, kabla maghala hayajafunguliwa.