Kabla ya kutazama "Daphnis na Chloe" ya 1931, rekebisha mwendo

Wengi huianza filamu hii bubu ya Mgiriki Orestis Laskos, kisha wakaiacha baada ya dakika kumi. Mara nyingi kosa ni la mwendo tu.

Filamu bubu nyingi zilipigwa kwa fremu, yaani picha moja moja za mkanda, 16 hadi 20 hivi kwa sekunde. Zikionyeshwa kwa fremu 24, watu hutembea kama waliofukuzwa na nyuki na mapenzi hugeuka vichekesho. Waangalie mbuzi, maana mbuzi anayekula majani hana haraka. Kichwa chake kikidunda kama sindano ya cherehani, punguza mwendo wa video hadi 0.75, fremu 24 zitakuwa 18. Wachungaji wakionekana kama wanatembea ndani ya maji, nakala yako ilishasahihishwa, rudisha 1. Acha pia picha katika umbo lake, karibu 4 kwa 3. Runinga pana ikiivuta, nyuso hunenepa. Ikiikuza ijaze kioo, anga hukatwa, na hapa anga ni nusu ya uzuri.

Laskos alikuwa pia mshairi, naye aliipeleka kamera nje, kwenye jua la kweli. Hadithi ni ya riwaya ya kale ya Longus, mwandishi wa Kigiriki: watoto wawili waliookotwa kisiwani Lesbos, mmoja alinyonyeshwa na mbuzi, mwingine na kondoo, wanakua wakichunga na kupendana bila kujua hali hiyo inaitwaje. Soma riwaya kwanza. Ni vitabu 4 vifupi, na ukishaijua hadithi, vibao vya maandishi ya Kigiriki havitakusumbua. Muziki ukiweka, usiwe na maneno.

Jambo moja huwapotosha hata watazamaji wazoefu. Mikanda ya zamani ya nitrati, aina ya plastiki iliyotumika kutengenezea filamu, huoza na kusinyaa, matundu ya pembeni yanayoshikwa na mashine yakachanika, na vipande vikapotea. Ukiona mkono wa mwigizaji umeruka ghafla huku mti ulio nyuma yake haujasogea, hapo fremu zimepotea, usimlaumu mhariri. Mahali pakibadilika pia, huo ni mkato alioutaka mwongozaji.

Ukimaliza, itafute filamu ya Nikos Koundouros ya 1963, "Mikres Afrodites", iliyompa tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la filamu la Berlin. Nayo imechota kwa Longus. Zitazame kwa kufuatana, jioni mbili, na linganisha jinsi kila moja inavyowapiga picha wachungaji wakiwa kimya.